Kabla Jua Halijazama: Kampeni ya Kijiji Dhidi ya Chambo cha Sumu, Lindi na Mtwara

Mtu hatii sumu kwenye mzoga kwa kuwa hajaona bango. Anatia kwa sababu asubuhi amekuta ng'ombe wake wawili wameliwa, mchana kutwa hakuna aliyekuja hata kumpa pole, na jioni anajua simba atarudi kumalizia. Simba aliyeua na hakumaliza hurudi usiku unaofuata kwenye mzoga uleule. Wafugaji wanalijua hilo, na saa hiyo ndiyo ya sumu.

Kwa hiyo kampeni inayoelezwa hapa imefungwa kwenye muda mmoja tu: tangu mzoga unapogunduliwa asubuhi mpaka jua linapozama. Kijiji kinachoweza kumfikia mwenye mali ndani ya saa hizo kimeshafanya sehemu kubwa ya kazi. Kisichoweza, fulana na nyimbo zake ni mapambo.

Mwongozo unahusu vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere na Pori la Akiba la Selous kwa upande wa Lindi, vile vya jirani na mapori ya Lukwika-Lumesule na Msanjesi kule Nanyumbu na Masasi, pamoja na vijiji vya Kilwa, Nachingwea na Lindi ambako mifugo iliingia kwa wingi baada ya wafugaji kuondolewa Usangu na Ihefu mwaka 2006 na 2007. Mahali penye mikorosho, ufuta na ng'ombe kwa pamoja, sumu ina milango mingi ya kuingilia.

Jambo moja kabla ya kuanza. Mwongozo huu hautaji dawa gani inaua simba wala kiasi chake, na kampeni yenu isitaje. Mtu akisikia redioni kwamba dawa fulani "ni hatari sana, inaua fisi papo hapo", aliyekuwa hajui ameshafundishwa. Semeni "sumu" au "kiuatilifu", inatosha.

Nani anatega, na kwa ajili ya nini

Kuna watu wa aina tatu, na ujumbe wa mmoja haumfai mwingine.

Wa kwanza ni mfugaji aliyepoteza mnyama. Huyu ana hasira, ana mzoga tayari, na mara nyingi hakai mbali na dawa ya kuogeshea mifugo au ya shambani. Kwake kitu kinachohesabika ni watu kufika, tena mapema.

Wa pili ni mkulima anayepambana na nguruwe mwitu, ngedere na nyani. Huyu hatumii mzoga. Anapaka sumu kwenye muhogo, boga, mahindi au embe na kuacha pembezoni mwa shamba. Hajioni kama mtu anayeua wanyamapori. Anaona analinda chakula. Lakini nguruwe aliyekula chambo hafii pale pale shambani, huenda akaangukia kichakani, akaliwa na fisi, chui, tumbusi na mbwa wa jirani. Na hapa Kusini nguruwe mwitu ana habari yake. Kwa kuwa walio wengi hawamli, hawindwi sana, anazaana na kufuata mashamba, na simba anamfuata yeye. Watafiti waliochunguza watu kushambuliwa na simba nchini, Lindi ikiwemo, waliona mashambulizi mengi hutokea palipo na nguruwe mwitu wengi, hasa wakati wa mavuno, Machi hadi Mei, watu wanapolala madunguni, yaani kwenye vibanda vya kulindia mazao. Ukizungumza na mkulima, zungumza nguruwe. Ukianza na tumbusi atakuaga kwa heshima na hutamwona tena mkutanoni.

Wa tatu ni jangili. Huyu hutia sumu kwenye maji, kwenye maboga ya tembo, au kwenye mzoga wa tembo aliyekwishamuua, makusudi kabisa ili tumbusi wafe, maana tumbusi wakizunguka angani humwonyesha askari mahali penye mzoga. Kaskazini mwa Botswana, Juni 2019, tumbusi zaidi ya 500 walikutwa wamekufa kwenye mizoga mitatu tu ya tembo. Tumbusi hutaga yai moja kwa msimu na huchukua takriban miaka mitano kufikia umri wa kuzaa, kwa hiyo hasara ya asubuhi moja hailipiki kwa haraka. Jangili si kazi ya kamati ya kijiji. Msimfuatilie, msimhoji. Habari zake zipelekwe kwa askari wa wanyamapori, TAWA (mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori), TANAPA (shirika la hifadhi za taifa) au polisi, na mtoa habari abaki bila jina.

Hatua ya kwanza: siku tatu za kutembea, kaunta buku mkononi

Kabla ya mkutano wowote, watu wawili watembee kila kitongoji wakiwa na mwenyekiti wa kitongoji husika. Andikeni: kila boma liko wapi na linafungwa kwa nini (miiba, magogo, waya, au halifungwi), ni lini mara ya mwisho mnyama aliliwa, madungu yako upande gani, visima na mabwawa yanayobaki na maji mwezi wa Septemba na Oktoba, maduka ya pembejeo na siku ya gulio, na mwisho, sehemu ambazo simu haishiki mtandao. Hili la mtandao watu hulidharau. Boma lililo bondeni pasipo na mtandao linahitaji kijana wa baiskeli au pikipiki aliyepangwa kwa jina, la sivyo taarifa itafika kesho.

Msiulize "mmewahi kutega sumu?" Hakuna atakayejibu, na mtakuwa mmeshajitambulisha kama wapelelezi. Ulizeni "mara ya mwisho fisi alipokula mbuzi, mlifanyaje?" kisha mnyamaze. Jibu litakuja, na mara nyingi litakuwa la kweli.

Hatua ya pili: mkutano

Anzeni kwa mtendaji wa kijiji na mwenyekiti, halafu halmashauri ya kijiji, ndipo mkutano mkuu. Mkutano mkuu unapaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, kwa hiyo hamhitaji kuitisha mpya, ombeni ajenda. Msiiweke mwishoni baada ya michango ya shule, watu wameshachoka na wengine wameondoka. Epukeni siku ya gulio, Ijumaa mchana, na wiki za jando na unyago ambapo wazee hawapo. Tangazo la msikitini na kanisani linafika kwa wakulima; kwa wafugaji mtu lazima aende mabomani, siku tatu kabla, na kurudia siku moja kabla.

Mikutano hii huharibikia mahali pamoja. Mkulima mmoja anasimama na kusema tatizo ni ng'ombe waliokula ufuta wake, mfugaji anajibu, na mpaka saa nane mchana hakuna aliyetamka neno sumu. Mwenyekiti aambiwe mapema: ugomvi wa malisho una siku yake na kamati yake. Wafugaji waongee kwanza, wahesabu hasara zao mbele ya watu, na watu wawape pole. Hapo ndipo wanaanza kusikiliza. Kwa Wamwera, Wamakonde na Wayao, tafuteni pia wajomba, kijana anayejibizana na mwenyekiti hadharani hunyamaza mjomba wake akimwambia "mpwa wangu, kaa chini."

Yatakayoamuliwa siku hiyo ni matatu tu: kikosi cha mzoga (watakaokimbilia mzoga ukigunduliwa) kina nani, namba gani mbili za simu zinapigwa, na sumu isiyotakiwa ikusanywe lini. Sheria ndogo ije baadaye.

Hatua ya tatu: kikosi cha mzoga

Watu watano. Wafugaji wawili (mmoja akiwa mzee anayeheshimika), mkulima mmoja, askari wa wanyamapori wa kijiji kama mnaye, kwa mfano vijiji vya jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori ya Magingo kule Liwale, na mtu mmoja anayeandika vizuri. Wafugaji wasiwe chini ya wawili. Kikosi cha wakulima watupu kikifika bomani huonekana kimekuja kukagua.

Vifaa hivi viwekwe mahali pamoja, nyumbani kwa mtu anayelala kijijini, visigawanywe:

- simu mbili zenye kamera na pawabenki moja yenye chaji
- glavu nzito za mpira jozi sita, gambuti, barakoa
- majembe mawili, sululu moja, beleshi moja, panga
- kamba mita 30, futi kamba, turubai
- dizeli lita 10 kwenye dumu lililoandikwa, na viberiti
- maji lita 20 na sabuni ya mche
- kaunta buku na kalamu mbili

Glavu za kupulizia mikorosho zinafaa zikiwa hazijatoboka. Zijazeni maji na kuzikamua: tone likitoka, tupeni. Petroli isitumike kuchomea, huripuka usoni. Na dizeli ikaguliwe kila mwezi, kwa sababu dumu la lita 10 linalokaa kwa mtu mwenye pikipiki au mashine ya kusaga huwa linapungua lenyewe.

Hatua ya nne: siku yenyewe

*Saa moja mpaka saa tatu asubuhi.* Mwenye mali au mchungaji wake anapiga namba ya kwanza. Anayepokea anaandika ujumbe na kuusambaza kwa kikosi na kwa afisa wanyamapori wa wilaya. Ujumbe uwe mfupi hivi:

"Kitongoji cha ___, magharibi ya bwawa. Ng'ombe 2, wamekutwa saa 1 asubuhi. Mwenye mali yupo. Mizoga haijaguswa. Kikosi kinafika saa 4."

*Saa nne.* Kikosi kinafika. Msianze na kamera. Salimieni, kaeni, kubalini maji mkipewa. "Shikamoo mzee. Pole sana kwa mali." Mwacheni aeleze mpaka amalize, hata akirudia. Akisema "hawa simba wa serikali", msibishane naye; si siku ya somo. Dakika kumi na tano hizi ndizo zinazoamua kama atawaruhusu kugusa mzoga.

*Kisha mzoga.* Kabla ya kuukaribia, tazameni kama kuna dalili za sumu (zimeelezwa hapo chini) na kama ni kifo cha ugonjwa. Ng'ombe aliyekufa ghafla bila jeraha, mwenye damu nyeusi isiyoganda puani au mkunduni, huenda ni kimeta: asipasuliwe, asiguswe, aitwe afisa mifugo.

Kama ni mnyama ndiye aliyeua, tambueni ni nani, maana mara nyingi simba hulaumiwa kwa kazi ya fisi. Simba huuma koo au shingo, huacha makucha mabegani, na unyayo wake hauna alama za kucha. Chui naye huuma koo, lakini matundu ni madogo na yamekaribiana. Humburuta mnyama, mara nyingi mbuzi, mpaka kichakani au juu ya mti. Fisi huanzia nyuma, huvunja mifupa na kutawanya vipande, na unyayo wake unaonyesha kucha. Mbwa mwitu hushambulia kwa kundi, mchana au alfajiri, wakirarua tumbo na mapaja. Unyayo upigwe picha ukiwa na kiberiti pembeni yake ili ukubwa ujulikane. Picha ya unyayo peke yake haina maana kwa aliye ofisini Ruangwa au Newala.

Picha zinazohitajika ni sita: mzoga mzima, jeraha, alama ya sikio au chapa, unyayo, boma lilipotobolewa, na mwenye mali akiwa kando ya mzoga. Andikeni saa, mahali, idadi, jinsia na umri wa mifugo, na jina la shahidi mmoja asiye ndugu.

*Karatasi ya kifuta jasho.* Kanuni za 2011 za kifuta jasho na kifuta machozi zinampa aliyepoteza mali au ndugu kwa wanyama wakali waliotajwa haki ya kuomba. Watu huiita fidia, na hapo ndipo ugomvi unapozaliwa: jina lenyewe linasema ni jasho linafutwa, si ng'ombe analipwa. Mwambieni hivyo siku hiyohiyo, na msimtajie kiasi wala mwezi. Maombi mengi hufia njiani kwa sababu zilezile: taarifa ilitolewa baada ya wiki, hakuna picha, au mifugo ilikuwa ndani ya hifadhi, ambako hakuna kinacholipwa. Muulizeni afisa wanyamapori orodha ya wanyama waliomo kwenye kanuni kabla hamjaahidi mtu chochote, hasa wakulima wanaosumbuliwa na nguruwe mwitu na ngedere. Fomu ijazwe pale bomani, isainiwe na mtendaji jioni, nakala moja ibaki kijijini.

*Saa sita mpaka saa kumi na moja jioni: kuondoa mzoga.* Hii ndiyo shabaha ya siku nzima. Mzoga usiwepo giza likiingia. Njia ni tatu.

Kwanza, kuuacha wazi mchana ukilindwa. Tumbusi wakiwa wengi, mzoga safi wa ng'ombe unaweza kubaki mifupa kabla ya jioni, bila jasho la mtu. Lakini lazima watu wawili wakae kwa mbali wakiutazama muda wote, na mabaki yaondolewe. Mlinzi akienda kula kwa saa moja, saa hiyo inatosha.

Pili, kuzika. Shimo liwe la mita 2, udongo juu ya mzoga usipungue mita 1, mbali na kisima na mkondo wa maji. Vijana wanne wakipokezana kwenye ardhi ngumu ya kiangazi watamaliza mchana mzima. Shimo la nusu mita ni kumwandalia fisi.

Tatu, kuchoma. Kuni zinazohitajika ni nyingi kuliko watu wanavyodhani. Ng'ombe mzima haungui kwa mzigo wa mkokoteni mmoja. Kateni mzoga vipande, pangeni magogo makavu chini, mzoga katikati, magogo juu, dizeli mwisho. Fyekeni ukanda wa mita 5 kuzunguka. Mwezi wa Agosti hadi Oktoba, upepo ukiwepo, zikeni, msichome.

*Saa kumi na moja.* Wawili wanarudi bomani, wanasaidia kuziba pengo na kuingiza mifugo. Wanaondoka kabla ya giza. Hakuna anayelala karibu na mahali mzoga ulipokuwa. Simba anarudi kweli.

Siku tatu baadaye, mtu mmoja apite tena kusalimia. Hasira ya pili huja pale mwenye mali anapogundua mtamba wake ndiye angezaa mwezi ujao.

Mkikuta sumu imeshawekwa

Dalili iliyo karibu zaidi na macho ni inzi. Kwenye mzoga wa kawaida inzi wanavuma. Kwenye mzoga wenye sumu kali utawakuta wamekufa juu ya nyama na chini yake, au hawapo kabisa. Nyingine: chenga au ungaunga wa rangi isiyo ya asili kwenye mipasuko ya nyama, tumbusi au kunguru waliokufa hatua chache kutoka mzoga, vidole vya miguu vimekunjamana kama ngumi, wengine wakiwa bado na nyama kooni, mizoga ya wanyama tofauti mahali pamoja, matapishi, mate mengi, povu.

Hapo kikosi hakiondoi kitu. Fanyeni haya kwa mfuatano huu. Ondoeni watu, watoto, mbwa na mifugo. Wekeni kamba. Pigieni afisa wanyamapori wa wilaya. Kwenye pori la akiba pigieni TAWA, ndani ya hifadhi ya taifa TANAPA. Pigeni picha mkiwa nje ya kamba, hesabuni kila mnyama kwa aina. Zungukeni taratibu hadi mita 200 mkitafuta waliotambaa na kufia mbali, na kagueni maji ya karibu. Fukuzeni ndege kwa makelele na turubai mpaka wataalamu wafike. Tumbusi anayetua sasa ndiye mnayeweza kumwokoa. Usiku ukiingia kabla hawajafika, mzoga ufunikwe kwa turubai na matawi ya miiba, na watu wakae na moto, umbali wa kutosha.

Sampuli huchukuliwa na ofisa mwenye dhamana: chambo chenyewe, yaliyomo tumboni au kwenye gole la ndege, ini, na udongo ulio chini ya mdomo. Kila kimoja kwenye chombo chake chenye kifuniko, kimeandikwa, kikiwa baridi, na kila anayekipokea anasaini mpaka kifike kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Kazi ya kijiji ni kushuhudia na kusaini. Mwanakijiji akibeba nyama ya sumu kwenye mfuko wa rambo mpaka ofisi ya kata, kesi imekufa na yeye yuko hatarini.

Sampuli zikishachukuliwa, kila mzoga, chambo, manyoya na udongo uliolowa huchomwa mpaka majivu, kwa idhini ya ofisa. Hapa kuzika peke yake hakufai: fisi akifukua, mnaanza upya. Jihadharini na wanaotaka kichwa cha tumbusi kwa dawa, au kanga aliyekufa kwa kitoweo. Kupika hakuondoi sumu.

Mtu akiguswa na sumu au akila: vueni nguo zake, mwosheni kwa maji na sabuni, msimtapishe, msimpe maziwa. Maziwa ni imani ya zamani na huwafanya watu wachelewe nyumbani wakisubiri yafanye kazi. Anayetokwa mate na jasho, mboni za macho zimekuwa ndogo kama tundu la sindano, anatetemeka au anahema kwa shida, mbio kituo cha afya au hospitali, pamoja na chupa au lebo ya dawa. Daktari anahitaji lebo. Sumu nyingi zenye dalili hizi hutibiwa kwa atropini, dawa ya hospitalini, na dakika zina thamani.

Sumu iliyoko majumbani

Upuliziaji wa mikorosho huanza Juni na kwisha karibu na Agosti. Septemba, chini ya vitanda na kwenye dari za majiko, kuna chupa zilizobakia robo. Huo ndio mwezi wa kukusanya, tena ni kiangazi, wanyama wamebanana kwenye maji machache.

Ongeeni kwanza na afisa kilimo ili Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu ijulishwe na njia ya kuteketeza iwepo. Kijiji kilichokusanya chupa 60 bila mahali pa kuzipeleka kimetengeneza ghala la sumu, hakijaondoa kitu. Siku ya kukusanya: hakuna jina linaloandikwa, hakuna swali. Kila dawa ibaki kwenye chupa yake, msichanganye, msimimine. Pipa la chuma lenye kifuniko, mchanga mkavu chini, chupa zimesimama. Chupa tupu zisuuzwe mara tatu, maji ya kusuuzia yarudi kwenye bomba la kupulizia, kisha zitobolewe ili zisigeuke za mafuta ya kula.

Mwenye duka la pembejeo ni wa kufanywa rafiki. Ombeni mambo mawili kwake: asipime dawa kwa kijiko wala kuigawa kwenye chupa za soda, na aandike mnunuzi na zao analopulizia. Wauzaji wa chini kwenye gulio ndio wagumu; hao waachieni afisa kilimo na mgambo, kwa sababu dawa isiyo na lebo inauzwa kinyume cha sheria.

Boma na shamba

Simba mara nyingi haingii bomani. Huzunguka, hunguruma, ng'ombe wanataharuki na kuvunja wenyewe, naye anangoja nje. Kwa hiyo boma zuri ni lile lisilovunjika kutoka ndani na lisiloonyesha nje. Ukuta wa miiba ya mgunga ufike mita 2 na unene wa mita 1 au zaidi, uongezwe kila kiangazi miiba inapopukutika. Mnyaa unaopandwa kwa kubanana hutengeneza ukuta hai, ila utomvu wake unaunguza macho, wapandaji wajihadhari. Fisi huchimba: pangeni mawe au magogo chini ya ukuta. Udhaifu wa maboma mengi uko mlangoni, pale panapofungwa kwa tawi moja la kuburuta. Tengenezeni mlango wa mbao au magogo ya kuchomeka, ndama na mbuzi wawe na boma lao katikati. Na hesabuni mifugo kabla ya jua kuzama. Ng'ombe aliyelala porini ndiye anayeliwa kwa urahisi kuliko wote.

Upande wa shamba, nguvu iko kwenye kupakana. Shamba la mraba la ekari 1 lina mzunguko wa karibu mita 254. Wakulima wanne wakilima kila mmoja kivyake wanazungushia mita 1,018. Wakiunganisha mashamba yao kuwa mraba mmoja, ni mita 509. Nusu ya uzio, nusu ya mtaro, na walinzi wanne kwenye madungu mawili badala ya kila mtu kulala peke yake. Dungu liwe juu, imara, ngazi ivutwe usiku, nyasi zifyekwe kulizunguka, watu wasiwe chini ya wawili. Uzio wa matawi ukiwa na upenyo wa kichwa cha nguruwe, atapita. Anasukuma kwa chini, kwa hiyo uzito wa uzio uwe chini.

Sheria ndogo, redio, shule

Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 imeshakataza kuwinda kwa sumu, kwa hiyo sheria ndogo ya kijiji isirudie adhabu hiyo. Iweke mambo ya kijiji: wajibu wa kutoa taarifa ya mzoga siku hiyohiyo, marufuku ya kuuza dawa ya kupima, wajibu wa kufunga boma. Halmashauri ya kijiji inaandaa, mkutano mkuu unajadili, muhtasari na mahudhurio vinapelekwa halmashauri ya wilaya kupitishwa. Kabla ya hapo haina nguvu, na faini iliyokusanywa mapema itawarudia mahakamani.

Redio ya kijamii itumike kutangaza namba mbili za simu, asubuhi na jioni, basi. Shuleni, fundisheni watoto dalili za mzoga wa sumu na kutogusa. Msiwatume watoto kuwachunguza wazazi wao.

Na kwenye kundi la WhatsApp la kijiji, jina la aliyetega sumu lisitajwe hata kama kila mtu analijua. Familia ikiaibishwa, mzoga unaofuata utafichwa.

Mnachohesabu

Msihesabu mikutano wala fulana. Kila mwezi mwandishi wa kikosi asome namba nne mbele ya halmashauri ya kijiji: mifugo iliyoliwa, taarifa zilizofika kabla ya saa nne asubuhi, mizoga iliyoondolewa kabla ya giza, mizoga iliyokutwa na sumu. Mwanzoni namba ya mifugo iliyoliwa itapanda, kwa sababu watu wameanza kusema. Ya kutazama kwa jicho kali ni ya pili. Ikianza kushuka wakati mifugo bado inaliwa, kuna boma limeacha kupiga simu. Mzee wa kikosi aende huko wiki hiyohiyo, na asiende na kaunta buku.